Majibu Niliyomjibia Shemeji Yako

Mdogo wangu mpenzi,

Hujambo huko, na kifua chako kimepoa? Sisi Mungu anatulinda.

Ile kompyuta ya hapo kliniki kwenu kazini, inayokisia nani ameacha sigara, imesema shemeji yako ameshaacha, kwa hiyo nesi hatamwita tena. Mimi siamini. Anatafuna karafuu kutwa, na koti lake analianika mwenyewe, mtu asiyewahi kuanika hata soksi. Nikimuuliza anacheka, "Mke wangu, unabishana na kompyuta?"

Ila maswali yenu ya kila siku kwenye simu, ambayo kompyuta inakisia kwayo, nilimjibia mimi, maana haoni herufi ndogo. Nilijibu yale ninayomwombea kwa Mungu, si yale niliyoyanusa. Jana nimeona damu kwenye leso yake.

Tafadhali nijibu upesi, niambie nisahihishe vipi kabla hawajafuta jina lake kwenye orodha ya nesi.

Dada yako