Springi Aliyoifunga Mama

Husna na Yusufu,

Tumekwenda Kilambo kumchukua bibi yenu, tumpeleke hospitali. Muhogo upo sufuriani, msilalamike. Kuku wafungieni. Kamba iliyoning'inia mlangoni mtu asiiguse!

Bibi mgonjwa hawezi kurushwarushwa, kwa hiyo asubuhi nilianza kubadilisha springi ya nyuma ya gari. Nikashusha magunia ya korosho gari liwe jepesi. Springi mpya haikubanika. Ikaruka, ikanipita sikioni.

Mama yenu akaweka ufagio chini. "Baba Husna, gunia si hukandamizwa kwanza ndipo likafungwa? Rudisha mzigo."

Nikamwambia aende jikoni. Hakwenda.

Tukapakia upya. Uzito wa gari ukaikandamiza springi juu ya jeki, naye akaifunga kwa kamba ya magunia, hiyo iliyo mlangoni, fundo lake lile la msimu wa korosho. Wanangu, chuma kile kilitulia mikononi mwake; mimi nimeganda ukutani. Alipoiingiza mahali pake akavuta ncha moja tu. Fundo likaachia polepole, gari likasimama sawa.

~~Msimwambie mtu.~~ Mwambieni kila atakayeuliza.

Muhogo nimepika mimi. Jikoni nilikwenda mwenyewe.

Baba