Kopo la Baba

Nerys, pokea simu! Basi naandika tu.

Si unajua Baba aliusia achomwe, majivu yake yatiwe kwenye tanuri la treni ya mvuke, kama wenzake wote wa reli? Leo tukafanya. Dereva Emlyn kavua kofia, kamwaga kopo zima la majivu motoni, kapiga honi ndefu. Mimi nalia kama mtoto. Mama kasimama kule kando ya ziwa, anapungia moshi.

Sasa tumerudi kwenye nyumba tuliyopanga. Nafungua begi la Mama nimtolee sweta, nakuta kopo. Lina jina la Baba. LA BABA, Nerys!

Nikamuuliza, "Mama, tumechoma nini pale?"

Hata hakugeuka. "Cadno."

Mbwa! Yule aliyekufa Pasaka, tukamchoma, Mama akatunza majivu yake! Emlyn kamvulia kofia mbwa!

Nikamwambia, "Mama, lakini Baba aliusia."

"Miaka thelathini, kila Jumamosi ananiacha anaifuata treni. Siku tuliyomzika kaka yako alitoka makaburini moja kwa moja, akaenda kupakia makaa. Nilirudi nyumbani peke yangu. Safari hii haendi."