Watakaoshangaza Kambini

Kambini, Jumatano 5 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na mgongo umepoa. Mimi sijambo. Naanza hivyo kwa sababu ndivyo Mama alivyonifundisha, na kwa kweli siumwi popote.

Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu simu zimekusanywa. Tulipofika tu, meneja wa timu alipita na ndoo, kila mtu akatumbukiza ya kwake, hata daktari. Barua anazichukua dereva wa gari la vifaa anapokwenda mjini. Kocha mkuu hataki kusikia kitu kinalia humu mpaka kambi ivunjwe.

Uliniambia niwe macho yako, maana nyinyi waandishi hamruhusiwi kuingia mpaka mechi ya kufunga kambi. Najaribu. Kuna winga tunamwita Kiwembe, amesajiliwa kutoka timu ndogo na hakuna aliyekuwa na habari naye. Sasa mabeki wanaulizana asubuhi nani atapangwa upande wake, na kila mmoja anajifanya goti linamsumbua. Kuna pia beki wa kati mmoja mpole, haongei, lakini mpira wa juu haumpiti. Hao wawili waweke kwenye makala yako ya watakaoshangaza.

Makipa tuko wanne. Wawili wana nafasi zao, hawana wasiwasi. Imebaki nafasi moja na tunaigombea mimi na Ngazi, ambaye pia nalala naye chumba kimoja. Hilo jina amepewa kwa urefu. Atakayekosa anaachwa, na mkataba wake unaishia hapo hapo. Ngazi ni mtu mzuri. Akianua nguo zake kwenye kamba anaanua na zangu, anazikunja zote.

Kuhusu mimi sijui niseme nini. Nakula, nalala, nadaka. Tangu tumzike Mama nimekuwa kama mguu uliokaliwa vibaya, najua upo lakini siusikii.

Mpwa wako


Nyumbani, Jumapili 9 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba, na pole na mazoezi. Mgongo haujapoa, umezoea tu kunisumbua, kama mhariri wangu. Hapa wote wazima. Paka wa mama yako nimemchukua mimi. Ananidharau, lakini anakula.

Taarifa zako ni nzuri kuliko za vijana wangu wa ofisini, ambao wakitumwa uwanjani wanarudi na habari za viatu vya wachezaji. Kiwembe nimemwandika. Beki mpole nimemwandika. Nahitaji mmoja zaidi watimie watatu.

Ila nikwambie jambo mapema, lisije likakushtua. Wewe sitakutaja, hata ukidaka risasi. Mpirani kila mtu anajua kuwa wewe ni mtoto wa dada yangu, na nikikusifu watasema mzee ameanza kampeni za ukoo. Makala ile nimeiandika tangu una meno ya utoto. Nimebahatisha, nimekosea, nimewahi kumsifu mtu akakimbia kambi wiki hiyo hiyo, lakini sijawahi kumpendelea mtu. Kutokukuandika ndiyo heshima yangu kwako. Nadhani utanielewa.

Hata hivyo niambie kweli, kwa ajili yangu tu na si ya gazeti: ukoje golini?

Juzi nilimaliza aya ya kwanza, nikashika simu nimpigie mama yako nimsomee. Unakumbuka alikuwa haniachi nichapishe mpaka asikie. Nilikuwa nimeshafika kwenye jina lake ndipo nikakumbuka. Nikakaa na simu mkononi mpaka taa yake ikazima. Naongea sana siku hizi, mpwa wangu, nisije nikanyamaza.

Mjomba wako


Kambini, Alhamisi 13 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini hujambo, na paka hajambo. Mimi sijambo.

Kuhusu kutonitaja, sawa. Nimekuelewa na wala haikuniuma.

Umeniuliza nikoje golini. Nipo tu. Mpira ukija nakwenda ulipo. Zamani nilikuwa naogopa kabla haujapigwa, sasa siogopi, lakini pia sifurahi ukishapita. Nikitoka uwanjani siwezi kukusimulia hata mkwaju mmoja.

Nikwambie tu ninachokiona. Mwisho wa mazoezi washambuliaji hupiga penalti kwenye magoli mawili, mimi huku, Ngazi kule. Mwanzoni walikuwa wanajigawa sawasawa. Sasa foleni yote iko kwa Ngazi, mimi nasimama peke yangu nikiangalia. Kuna mshambuliaji mmoja mkongwe tunamwita Babu kwa sababu ya upara. Yeye bado anakuja kwangu mara moja moja. Anapiga mmoja, anatikisa kichwa, anaondoka bila kusema kitu. Nadhani wananiepuka kwa sababu ya msiba. Mtu akifiwa wenzake hawajui wamwambie nini. Siwalaumu, hata mimi nisingejua.

Kocha wa makipa naye haniambii kitu tena. Ngazi anarekebishwa kila mara, mikono, miguu, pa kusimama. Mimi ananiangalia, anaandika, anakwenda zake. Naona ameshanikatia tamaa.

Kwa hiyo ukitaka jina la tatu, mtaje Ngazi. Anazidi kuwa mzuri kila siku, kwa sababu ndiye anayepigiwa. Na ana moyo wa kuitaka hiyo nafasi. Jana usingizini aliita jina la klabu.

Mpwa wako


Nyumbani, Jumatatu 17 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Mimi mzima, na paka mzima. Naona ndiye mwenye nyumba sasa.

Nakutumia ukurasa wa gazeti la leo. Wa tatu ni Ngazi, na maneno mengi ni yako, nimeyanyoosha kidogo tu. Niliposoma kuwa hata penalti hawaji kukupigia, niliiweka barua mezani nikatoka nje kidogo. Nimekuelewa bila kuambiwa. Mambo hayajaenda kama tulivyotaka, na kwa mwaka huu nani angetegemea yaende. Usijilaumu. Una umri wa kucheza hata kambi kumi nyingine.

Jikaze, ule vizuri. Ukirudi tutakaa tuzungumze, au tukae tu bila kuzungumza, kama utataka hivyo.

Mjomba wako


Kambini, Jumamosi 22 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini hujambo. Mimi sijambo.

Nimeachwa. Majina yalisomwa leo wakati wa kunywa chai. Ngazi amepata. Alilia pale pale mezani, na kwa kuwa nilikuwa nimekaa karibu yake, mimi ndiye niliyembembeleza.

Jana kocha mkuu aliniita kwenye chumba cha mipira. Ukurasa wako ulikuwa kwenye meza yake, umekunjwa jina la Ngazi likiwa juu. Aliniuliza kama, mbali na msiba, kuna tatizo nyumbani analopaswa kulijua. Nikasema hakuna. Akaniuliza kama nalala. Nikasema nalala. Akaniangalia sana, kisha akasema haya, asante.

Nimerudishiwa simu lakini sijaiwasha. Kesho asubuhi gari la vifaa litanishusha kituoni. Kwenye mechi ya kufunga kambi hutanikuta, kwa hiyo usinitafute. Nakwenda nyumba ya Mama.

Mpwa wako


Nyumbani, Jumanne 25 Juni

Mpwa wangu,

Pole sana. Natumaini ulifika salama na umekuta nyumba iko sawa. Ufunguo wa jikoni ni lazima uuvute kwako kidogo ndipo ufungue. Nimekupigia simu, haipatikani, nami sitaki kukuvamia, ndiyo maana naandika. Hili pia siwezi kulisema kwa mdomo.

Jumapili nilikwenda kwenye mechi. Ilipokwisha nikamfuata Babu, nikataka kumwambia kistaarabu kuwa haikuwa vizuri kumtenga mtu aliyefiwa. Alinitazama kama nimechanganyikiwa. Akasema, "Mzee, nani kamtenga? Goli lile tulilikimbia. Huyo kijana alikuwa hafungiki. Kocha anahesabu magoli ya mazoezi, na mimi nina familia. Ukienda kwake unatoka huna hata moja. Tukaenda kwa yule mrefu angalau tupate ya kuonyesha."

Nikamwendea kocha wa makipa. Naye akanijibu kwa kifupi kwamba hakuwa na cha kukurekebisha. Alikuandika wewe wa kwanza, mbele hata ya wale wawili wenye nafasi zao. Akasema katika miaka yake yote ya kazi hajaona kambi kama yako.

Sasa sikiliza lililobaki. Kocha mkuu hakuwa na shaka na mikono yako. Alikuwa na shaka na wewe mwenyewe, ulivyokuwa kimya, macho yako yalivyokuwa mbali. Aliogopa utavunjika katikati ya ligi. Alikuwa hajaamua. Halafu gazeti likaja. Aliwaambia wenzake hivi, na kocha wa makipa amenisimulia neno kwa neno: "Mjomba wake ndiye anayejua hali ya nyumbani. Kama mjomba mtu anamruka mtoto wake na kumtaja mpinzani wake, basi kuna kitu anakijua."

Sikujua kitu chochote, mpwa wangu. Nilikuwa najionyesha kuwa mtu wa haki. Nilidhani jina nisilolitaja linabaki salama pembeni, kumbe nao walikuwa wanasoma. Na barua zako ninazo hapa, nimezisoma upya, na kila kitu kimo. Foleni imo. Babu anayetikisa kichwa yumo. Nimetazama mpira tangu ujana na nikashindwa kuona hilo. Mama yako angenikatiza kwenye aya ya kwanza, akaniuliza, "Na mtoto?"

Jana nilikwenda ofisi ya klabu. Usajili umefungwa, hawawezi kubadilisha. Ukiniruhusu nitaandika makala nyingine nieleze yote, kwa jina langu. Niambie neno moja tu.

Mjomba wako


Nyumbani, Jumamosi 6 Julai

Mpwa wangu,

Hujambo? Sijapata jibu. Jirani yako ameniambia anakuona asubuhi ukifagia uani, kwa hiyo najua unaamka. Paka anaendelea vizuri. Mgongo nao hivyo hivyo.

Sikulazimishi kusema kitu. Nilitaka tu ujue bado nasubiri.

Mjomba wako


Nyumba ya Mama, Jumapili 14 Julai

Mjomba,

Leo sikuamkii.

Barua yako ndefu niliisoma siku ilipofika. Niliisoma nikiwa nimesimama mlangoni, nikaikunja, nikaendelea kupiga deki. Haikuniingia. Nilijiambia basi, Ngazi alistahili, Mjomba hakukusudia, kocha alifanya kazi yake. Kila mtu nilimpatia sababu yake. Hata mimi mwenyewe. Sikukuambia kuwa nadaka vizuri kwa sababu sikujua, Mjomba. Sikuwa naficha.

Jana nilikwenda dukani kununua sabuni. Muuza duka alikuwa amefungulia redio, mechi ya kwanza ya ligi. Kipa wa kwanza aliumia, wa pili ana kadi ya msimu uliopita, wakamwingiza Ngazi, na akadaka penalti. Mtangazaji akakutaja wewe. Akasema mzee wetu hakosei, alituambia tangu Juni kuwa kijana huyu atatushangaza. Muuza duka akanigeukia akicheka, akasema, "Mjomba wako huyo. Ana jicho." Akakataa hela yangu ya sabuni, eti ni zawadi kwa ajili yako.

Sikumbuki nilivyotoka. Nilipofika nyumbani nilipitiliza jikoni. Sabuni niliitupa ukutani. Nikakutukana, Mjomba, peke yangu jikoni, kwa sauti, maneno ambayo Mama angenizaba kibao. Halafu nikawa namwita yeye. Nikakaa sakafuni nikalia mpaka jirani akaja kugonga mlango. Sikulia mazikoni, unakumbuka, watu walinisifia kuwa nimejikaza. Sikuwa nimejikaza. Sikuwepo tu.

Basi nina hasira na wewe. Ulikuwa na watu wengi wa kuwaonyesha haki yako, ukanichagua mimi, mwaka huu, na Mama ndiyo kwanza amezikwa. Uliniuliza nikoje golini, nikakujibu vile, nawe ukaridhika. Hukuja hata getini kuniona. Ungekuja ungejua siko sawa, na hilo lilikuwa na maana kuliko penalti.

Hiyo makala ya kueleza usiandike. Itamharibia Ngazi, naye hana kosa. Kuna timu ya daraja la chini inafanya majaribio Alhamisi ijayo, nitakwenda. Usije. Usiwapigie simu, usimwambie mtu, usinitaje kwa uzuri wala kwa ubaya. Nataka wanipigie mipira wao, waone wenyewe. Huenda nitaogopa safari hii, na huenda nitafungwa.

Sijakusamehe, na sijui itakuwa lini. Lakini usidhani nimekutupa. Kina Babu siwezi kuwakasirikia, wala kocha, ni watu baki tu. Mama amekwenda. Umebaki wewe peke yako wa kumkasirikia.

Mtoto wa dada yako