Kidonda cha Mdomo, Safari ya Ukweni

Jumatano, 5 Agosti 1987
Sukari nimepata! Siku mbili za foleni, jua la Mwigobero, hapa Musoma, lote utosini mwangu. Jumapili naenda Butiama kujitambulisha kwa wazazi wa Boke, mchumba wangu. Suruali nimepiga pasi. Jioni hii mdomo wa juu unawasha. Vumbi, labda.

Alhamisi, 6 Agosti
Si vumbi. Malengelenge, kama punje za ulezi. Wiki hii hasa!

Zahanati. Daktari Isidori alicheka kwanza, ndipo akaeleza. Mdudu huyu aliniingia utotoni na hajawahi kutoka. Amejificha kwenye neva, ndani ya shavu. Chembe nyeupe za damu zimemzunguka. Hazimuui, maana zikimvamia kwa nguvu zitaharibu na neva yenyewe. Kazi yao ni kumzuia asichomoke. Nikichoka, nikiungua jua, zinalegea.

Kumbe ni sukari iliyoniponza.

Dawa hana. Pumzika, Nathanieli, usibusu mtu. Nimbusu nani? Boke yuko Butiama!

Jumapili, 9 Agosti
Butiama. Shikamoo zangu zilipokelewa vizuri, sukari vizuri zaidi. Kisha shangazi Pelagia akanikazia macho mdomoni. "Mkwe huyu amepitia kula kwa nani?" Wanawake wakaangua kicheko; eti nina mwanamke mwingine. Boke akainamisha kichwa. Nikaona posa inazama.

Nikaeleza kisayansi. Hawakuelewa. Nikatafuta mfano — kosa langu! — nikasahau kuwa baba yake Boke, Mzee Burito, ndiye kamanda wa sungusungu, walinzi wa kijiji.

"Baba, ni kama sungusungu. Mwizi yumo ndani, wao wamezingira nyumba. Hawamuui, wanamzuia tu. Wakisinzia, anatoka."

Mzee Burito akaweka kikombe chini.

"Sungusungu wangu hawasinziagi."

"Ni mfano tu, baba."

"Na mwizi mnamjua yuko ndani, mnamwachaga tu?"

"Nyumba ni shavu langu, baba. Wakiibomoa..."

Mzee akafikiri sana. Akasema basi walinzi wangu ni wavivu, yeye atawaongezea nguvu. Nisitoke chumba cha wageni mpaka mdomo upone, majirani wasije wakasema binti yake anaolewa na mgonjwa. Nikipona, wazee watakaa tuongee mahari. Nikionekana nje, au karibu na Boke, nirudi Musoma na sukari yangu.

Sukari yenyewe wameshaitia kwenye chai.

Jumanne, 11 Agosti
Ndani bado. Mlangoni yupo Mseti, baba mdogo wa Boke, na rungu na filimbi. Hata chooni ananisindikiza. "Tembea, mwizi wa shavu!" Kidonda kimeanza kukauka, lakini kikitikiswa kinapasuka, kwa hiyo sicheki.

Namwonea huruma yule mdudu.

Mchana. Mseti amemaliza ugali wa muhogo na kibuyu kizima cha maziwa ya mgando. Amekaa kivulini. Kichwa kinaanguka — kinarudi. Kinaanguka. Filimbi imemdondoka mapajani.

Boke kasimama nyuma ya jiko. Ananiita kwa kidole.

Nimetikisa kichwa: hapana. Ananiita tena, anacheka.

Mseti anakoroma. Mlango hauna komeo — mlinzi kasinzia, mwizi anatoka.