Koti Tulilonunua na Anyesi

Majengo, Moshi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mguu umepona na kwamba mvua ya huko Singida imezikumbuka alizeti zako. Mimi ni mzima wa mwili. Kazi nimepata, Mama. Ni mhazili katika kampuni ya kusafirisha mizigo, nimeanza Jumatatu. Najua umeshapiga kigelegele. Ngoja kwanza nikueleze nilivyoipata.

Unamkumbuka Anyesi, binti wa Kibosho niliyesoma naye uhazili, ambaye tumepanga chumba kimoja? Tuliomba kazi pamoja, na hakuna aliyekuwa na nguo ya kukaa nayo mbele ya mabosi. Siku hizi mitumba imejaa mjini, basi tukadamka siku ya kufungua marobota. Tulipata sketi na blauzi nyeupe, kila mtu yake. Blauzi ya Anyesi ilikuwa na kiraka begani, tukasema koti litaficha. Ila koti zuri lilikuwa moja tu, la bluu iliyokolea. Mama yake Anyesi ndiye aliyeteremsha mikungu ya ndizi sokoni ili tulipate, kwa sababu kahawa ya mwaka jana haikuwapa kitu. Fundi akabana mabega, likatukaa sote.

Tukaitwa kwenye usaili siku moja, ofisi moja. Anyesi akacheka tu.

"Ingia wewe kwanza. Ukitoka unanivulia hapo koridoni, nani atajua?"

Nikaingia. Bosi aliniangalia juu mpaka chini, akamwambia mwenzake, "Huyu anaonekana mtu wa ofisi." Kisha akanionyesha chumba cha pembeni chenye mashine ya taipu. "Kaa hapo uchape barua hii."

Nilikuwa bado nachapa, koti mwilini, niliposikia jina la Anyesi likiitwa. Mlango ulikuwa wazi. Alipita na blauzi yake, mkono mmoja umeshika bega, akanitazama. Mama, ningeweza kusimama. Ningeweza kusema, samahani, natoka mara moja. Niliogopa wakiniona nahangaika watabadili mawazo. Nikainamisha kichwa nikaendelea kuchapa.

Alitoka mapema. Mimi nikaambiwa nije Jumatatu.

Nilimkuta chumbani anakunja nguo zake. Nikaanza kujieleza, akanikatiza.

"Waliniuliza kama ninazo nguo za kupokelea wageni. Nikasema ninazo."

"Anyesi, nisamehe. Niliogopa."

"Nilikuona unaogopa. Yamekwisha, Adela."

Tangu tufahamiane hakuwahi kuniita Adela. Siku zote aliniita shoga yangu. Kesho yake alipanda kwao Kibosho, mlimani, kusaidia kuchuma kahawa. Koti aliliacha kwenye msumari. Nilipomkimbilia nalo stendi alisema, "Nitalivaa wapi, kwenye migomba?"

Jumamosi mama yake alishuka sokoni, akapitia kwangu na chungu cha kiburu, mchanganyiko wa ndizi na maharage waliopika asubuhi. Akanishika mikono yote miwili. "Hongera, mwanangu. Anyesi ametuambia ulivyowajibu vizuri. Naye umwombee, siku yake itafika." Anyesi hakumwambia habari ya koti. Nilifungua mdomo nimweleze, nikajikuta nasema, "Asante, Mama." Akaondoka akiwa amefurahi.

Nimemtajia bosi jina la Anyesi. Amesema nafasi imejaa. Jumapili hii nitapanda Kibosho, nimweleze mama yake mimi mwenyewe, hata kama atanifukuza uani mwake. Sijui nitaanzaje.

Nisalimie Baba mdogo na mkewe, na shangazi anayetuuzia mafuta ya alizeti. Mwambie mdogo wangu asiache shule.

Na jambo moja, Mama. Najua Jumapili utasimama kanisani kutoa shukrani. Simama, sikukatazi. Sema mwanao amepata kazi. Lakini nakuomba usiseme kwamba amewashinda wenzake.

Ni mimi binti yako ninayekukumbuka,
Adela