Mikono ya Mwayuma

Kindu, Jumapili

Baba Mwayuma,

Salamu nyingi kutoka hapa mutaani kwetu Kasuku. Tuko wazima, na mihogo nyuma ya nyumba imeshika vizuri. Barua yako ndugu yako Ilunga aliifikisha. Niliisoma mara tatu.

Mutoto wetu ametimiza miaka mitano. Unajua, tangu nilipomuzaa porini tukikimbia vita, vidole vyake havina nguvu, na kitu cha majimaji kikimugusa analia. Sasa kila Jumanne ninamupeleka kituo cha afya kwa Mama Espérance, anayezoeza viungo vya watoto. Alianza kutia mikono ya mutoto katika beseni ya muchele mukavu, kisha katika muchanga wenye maji. Mwayuma alipiga kelele, nami nikainuka nimubebe.

"Umuache kidogo, mama," aliniambia. "Mikono yake inajifunza."

Nikakaa chini, nikatia yangu pia. Kila siku nyumbani tulifanya vilevile, miezi minne.

Jana alikata fufu, ugali wetu wa mihogo, mwenyewe, akachovya katika sombe, mboga ya majani ya mihogo, akala. Nguo ilichafuka yote. "Mama, angalia!" alisema.

Unaniandikia nimuache kwa mama yako kule kijijini Kailo, nikufuate Lubumbashi peke yangu, eti huyu hatapona. Hapana, baba. Siji bila yeye. Kama chumba ulichopanga hakimutoshi mutoto, nami hakinitoshi.

Jumanne anaanza kujifunza kufunga vifungo vya nguo.

Ni mimi bibi yako,
Feza