Sauti ya Bi Kivumo

Ngoingwa, Thika
Jumapili, 9 Machi 2025

Kwa Tata Ngendo, dada ya Mama,

Sasa Tata? Natumaini uko poa na lile goti halikusumbui sana siku hizi. Huku tuko sawa. Wangechi anakusalimia, na mtoto wetu ameota jino la tatu, anauma kila mtu, hata wageni. Nakuandikia kwa kalamu kama ulivyoamrisha, si kwa simu, na barua nampa Kavindu akija huko Ruiru kuuza avokado. Najua utaanza kwa kucheka mwandiko.

Sasa keti chini kwanza. Umeketi? Bi Kivumo anaenda tivii!

Si porojo. Binti ya marehemu Opiyo, mchoraji wetu, amewakubalia watu wa tivii watumie vitabu vyote thelathini na sita vya katuni, na kipindi kinaanza mwezi wa tano. Grupu yetu ya mashabiki imechizi kabisa. Tuko watu elfu nne na kila mtu ana maoni yake. Kuna wanaolia kwa furaha, na kuna wale washaanza kutukana kitu hawajaona.

Mimi nina furaha na wasiwasi, vyote pamoja. Nimeona picha moja tu. Wamemvua aproni ya unga, Tata! Wamemvalisha nguo nyeusi ya kubana, inang'aa kama kiatu cha mwalimu mkuu. Kivumo ni mama wa kusaga posho! Ukimwona tu unafaa kusikia chafya ikikujia. Na huyo msichana waliyemchagua ni mrembo sana, shida ndiyo hiyo. Halafu nasikia hadithi wameihamishia Nairobi kwa magorofa, ati Thika haiuzi.

Lakini kinachoniogopesha kabisa ni sauti. Wewe ndiye uliandika maneno ya Kivumo kwa mkono, kila kitabu, kila neno. Sisi wasomaji tulijua anaongea pole pole kwa sababu herufi zake zilikuwa ndogo kama mchele. Tulijua akipaza sauti kuta zinaanguka. Sasa kwa tivii itakuwaje? Wewe unaonaje?

Mwana wa dadako,
Githae


Gitothua, Ruiru
Ijumaa, 14 Machi 2025

Kwa Githae kijana yangu,

Mimi ni mzima. Goti ni bure kabisa lakini bado linanifikisha sokoni. Huyo mtoto mpe karoti aume. Barua nimeipata, Kavindu ameileta na doa la avokado. Mwandiko wako, woi! Mwalimu mzima wa gredi ya nne! Hiyo "g" yako inaning'inia kama soksi imeisha lastiki. Lakini afadhali hiyo kuliko meseji za simu, watu wote mwandiko mmoja, huwezi kujua anayekupenda ni nani.

Haiya, Kivumo kwa tivii! Nilisoma nikatoka nje nikazunguka nyumba mara mbili. Jirani yangu Maluki akaniuliza kwa mikono kama kuna msiba. Nikamwambia hapana, kuna msichana wangu anaolewa.

Sasa nikupe maoni yangu. Nguo waachie. Hata Opiyo alimchora na sweta kitabu cha tisa kizima kwa sababu alichoka kuchora aproni. Thika igombanie, kinu cha posho hakikai kwa gorofa. Lakini sauti ndiyo kila kitu. Kwa vitabu thelathini na sita Kivumo alipaza sauti mara nne peke yake. Najua kwa sababu nilizichora mimi, kwa brashi nene, siku nzima kwa kila ngurumo, na siku hiyo nilikuwa siongei na mtu. Hao wa tivii wakimfanya apige kelele kila dakika tano, amekwisha. Atakuwa mhubiri wa stendi.

Kuna kitu kingine na nitakuambia tu. Miaka mitatu nilimwandikia yule mwanamke maneno, na sikuwahi kusikia sauti yake. Nilikuwa naiwaza tu nikishika kalamu. Halafu 2011 ikaja ile homa na masikio yangu yakazima. Sasa ndiyo amepata mdomo! Nitaketi mbele ya tivii niangalie midomo yake ikicheza, na mimi niliyemfunza kuongea sitajua anasema nini. Imeniuma, Githae. Nilikata vitunguu ambavyo hata sikuvihitaji, ndio Maluki asiniulize tena.

Waulize kama wataweka maandishi chini ya skrini. Uliza tu.

Tata wako,
Ngendo


Ngoingwa, Thika
Jumapili, 23 Machi 2025

Kwa Tata,

Habari ya wewe? Hapa wote wazima, ila nimepata mafua ya watoto wa gredi ya nne, na hayo hayana dawa.

Tata, nimewaona! Waliita mashabiki sita ofisini kwao na mimi nikiwa mmoja. Anayesimamia kipindi anaitwa Ronny, kijana mdogo, mpole, viatu vyeupe sana. Tulikuwa tumejipanga kwenda kupigana lakini alitupa chai kwanza, ikawa ngumu. Hata hivyo aproni imerudi! Unga umerudi! Na watapigia picha kwa kinu cha posho kweli kweli, huku huku Thika, Makongeni. Yule mrembo atapakwa unga mpaka kope. Ile ya mara nne peke yake niliwaambia ni wewe umesema, na Ronny akaandika.

Halafu nikauliza kuhusu ile kauli ya Kivumo kwa watoto, "Niko hapa, msilie." Maze, wameitoa! Ronny anasema ni laini mno kwa shujaa, anataka maneno ya nguvu. Nikasimama. Sikuwa nimepanga kusimama. Nikatoa pochi, nikatoa ile karatasi uliyoniandikia siku ya mazishi ya Mama, kwa zile herufi ndogo za Kivumo, "Niko hapa. Usilie." Nikawaambia nilikuwa na miaka minane, na hicho ndicho kitu pekee mtu aliniambia siku hiyo nikakielewa. Nikaanza kulia mbele ya watu nisiowajua, mwanaume na ndevu. Ronny pia akawa anaangalia viatu vyake. Akasema atafikiria.

Maandishi ya chini niliuliza. Wanasema kipindi ni cha Kiswahili, nani hataelewa? Nikasema tata yangu. Nitauliza tena.

Mwana wa dadako,
Githae


Gitothua, Ruiru
Jumatano, 2 Aprili 2025

Kwa Githae kijana yangu,

Natumaini mafua yameisha. Mimi mwili uko salama. Barua yako niliisoma mara moja nikaificha chini ya godoro.

Ungekuwa hujatoa hiyo karatasi mbele ya watu, ningenyamaza mpaka nife. Opiyo alienda na hii siri kaburini. Sasa lazima ujue.

Pale kiwandani tulipotengenezea vitabu, yale maduara ya maneno tulikuwa tunayaita mayai. Kila yai lina mkia, na mkia unaelekea kwa mdomo wa anayesema. Opiyo alichora watu, akaniachia nafasi, akanipa maneno kwa karatasi ya kando. Mimi niliandika maneno, nikachora yai, nikachora mkia. Kitabu cha kumi na mbili unakijua kwa kichwa. Watoto wamejifungia kwa ghala la mahindi. Kivumo yuko juu ya paa. Mzee Gunia, yule mwizi wa watoto, yuko mlangoni. Karatasi ya Opiyo ilisema hivi: Mzee Gunia, kwa sauti tamu, "Niko hapa, msilie." Alikuwa anawadanganya wamfungulie mlango. Kivumo alifaa kunyamaza ukurasa wote.

Na mimi nikapeleka mkia juu ya paa.

Sikuwa mgonjwa, wala hatukuwa na haraka. Mama yako alikuwa amenitembelea kazini na uji kwa chupa, anaigiza vile baba yako anavyokoroma, nikacheka mpaka machozi, na mkono ukaenda kwenye paa. Kitabu kikachapishwa hivyo. Halafu barua za watoto zikaanza kuja, ati Kivumo aliposema niko hapa sikuogopa tena. Opiyo alininunia siku mbili. Ya tatu akaniambia, "Ngendo, funga mdomo." Kutoka kitabu cha kumi na tatu akawa anamwandikia Kivumo hayo maneno yeye mwenyewe.

Kwa hivyo unayopigania ni maneno ya mwizi. Na siku ya mazishi mimi nilijua hivyo, na bado nikakuandikia, kwa sababu hayo ndiyo maneno pekee mkono wangu ulikuwa nayo. Nisamehe, mwanangu.

Tata wako,
Ngendo


Gitothua, Ruiru
Jumapili, 11 Mei 2025

Kwa Githae,

Hamjambo huko? Ni wiki ya sita sasa. Kavindu naye kila siku ananionyesha mikono mitupu mpaka ameanza kuniongezea avokado za bure, ananihurumia. Sitaki avokado.

Kama umekasirika, niandikie matusi. Hata kwa hiyo "g" yako nitayasoma. Na kama ulishawaambia wale watu elfu nne, ni sawa, umesema ukweli. Lakini usininyamazie. Mimi nakaa kwa kimya mwaka mzima, Githae, sihitaji na chako.

Mtoto ana meno mangapi?

Tata wako,
Ngendo


Ngoingwa, Thika
Jumapili, 18 Mei 2025

Kwa Tata yangu,

Pole. Pole sana. Mtoto ana meno sita, na sisi tuko wazima, na mimi ni mjinga.

Nilikasirika, sitakuficha. Nilitoa ile karatasi kwa pochi nikaitupa kwa droo ya vijiko. Miaka yote hii nilikuwa nimebeba uongo wa Mzee Gunia karibu na kitambulisho! Hiyo hasira ilikuwa ya wiki mbili. Wiki zingine zote zilikuwa za aibu, kwa sababu sikujua nianzie wapi kuandika.

Wiki jana Wangechi akatafuta kijiko cha mtoto, akapata karatasi. Nikamsimulia yote, nikimngoja asikitike. Akacheka! Akasema, "Kwa hivyo ni mamako aliyesukuma huo mkono?"

Tata, sikuwa nimeiona hivyo. Mama alikuwa pale. Bila uji wake na kuigiza kwake mkia ungeenda mlangoni, na Kivumo hangewahi kusema hivyo. Hayo maneno si ya mwizi na si ya Opiyo. Ni yenu wawili, dada na dada, mkicheka kazini. Na ukaniletea siku aliyozikwa. Karatasi imerudi kwa pochi. Grupu sijaiambia na sitaiambia, hii ni yetu.

Sasa habari za tivii. Nzuri ni kwamba Ronny ameyarudisha maneno, kipindi cha kwanza kabisa ndicho cha ghala la mahindi. Mbaya ni kwamba maandishi ya chini wamekataa. Nimeuliza mara tano. Nimefika mpaka kwa mlinzi wa geti, tumekuwa marafiki, lakini hakuna.

Kinaonyeshwa Jumapili tarehe 25. Usikiangalie siku hiyo, tafadhali. Njoo kwangu Jumamosi tarehe 31, marudio ni saa kumi jioni. Kavindu atakuleta. Usiniulize chochote.

Mwana wa dadako,
Githae


Gitothua, Ruiru
Jumatatu, 2 Juni 2025

Kwa Githae kijana yangu,

Nimefika salama, goti limevimba kwa ngazi zenu lakini limesamehe. Mshukuru Wangechi kwa chakula, ule mukimo wake. Huyo mtoto ameniachia alama ya meno sita kwa kidole na sitaki ipone.

Nilikuja nikijua nitaona midomo tu. Nilikuwa hata nimepanga uso wa kufurahi, ndio usione uchungu. Kisha nikakukuta umesimama kando ya tivii kama askari wa gwaride, na rundo la karatasi za manila mikononi, na Wangechi nyuma yako anakupangia zinazofuata. Sikuelewa mpaka uliponyanyua ya kwanza. Yai! Lina mkia, na mkia unaelekea kwa skrini, kwa mdomo wa yule msichana! Kavindu anasema uliangalia kipindi mara kumi na moja kwa simu ukiandika kila neno. Kwani watoto wa shule walifunzwa na nani wiki hiyo?

Sasa mwandiko. Yai la Mzee Gunia ulilifanya duara sana, mwizi apewe yai lenye kona. Mara mbili ulichelewa, mtu amekwisha kufunga mdomo ndiyo wewe unanyanyua. Na ile "g" nimeiona kwa "ghala", ikining'inia. Lakini herufi za Kivumo, Githae. Ulizifanya ndogo kama mchele. Ilibidi nivute kiti mbele ili nizisome, na hivyo ndivyo watu wanavyofaa kumsikiliza Kivumo, kwa kusogea. Nikamsogelea, nikasoma, nikaangalia mdomo wa yule msichana mwenye unga kwenye kope, na nikamsikia. Sauti yake iko chini kidogo kuliko nilivyowaza. Inafaa.

Na alipopaza, ile mara moja, ulinyanyua manila nne zilizogundishwa pamoja, nyekundu, mpaka ukajificha wote. Mimi nilikuwa nimeweka mkono juu ya meza. Meza ilitetemeka, na kikombe kikatembea. Nilipiga yowe, sijui kama mlisikia.

Halafu lile la paa. Nilijua linakuja, nikashika kiti. Ukanyanyua manila ndogo kuliko zote, na hukuandika "msilie", uliandika "usilie". Nikatafuta mkia upande wa skrini, haukuwa huko. Nikasema moyoni, haiya, naye pia amekosea. Kisha nikaona umeupindisha ukaupeleka kwako wewe, kifuani, na wewe huangalii tivii, unaniangalia mimi.

Kavindu anakuletea kalamu zangu za kiwandani, zote tano, na ile brashi nene. Zioshe kwa maji ya moto kwanza, zimekaa sana. Na hiyo manila ndogo nilibeba. Usiitafute. Niliikunja mara nne nikaiweka kwa pochi, na nimeichunguza kama fundi: mkia umeenda kwa mwenye maneno.

Tata wako,
Ngendo